Uzamili wa Fedha na Benki: Wasomaji wa Mombasa Wauliza, Tunajibu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: kusomea shahada ya uzamili katika fedha na usimamizi wa benki huku mtu akiendelea na kazi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Shahada hii huchaguliwa kwa kuangalia kazi unayotaka kuifanya, na tasnifu huanza kufikiriwa siku ya kujisajili, si baada ya kumaliza mitihani.

Hujambo mhariri. Mimi ni keshia katika tawi la benki hapa mjini na nina shahada ya kwanza ya biashara. Wengine wananiambia nichukue MBA (uzamili wa usimamizi wa biashara), wengine MSc (uzamili wa sayansi) ya fedha. Ningependa kuhamia idara ya mikopo au idara ya hazina. Nifuate ipi? – Keshia, Likoni

Hatujambo, ndugu. Kwa idara ulizozitaja, MSc ya fedha itakufaa zaidi, hasa ukilenga hazina, idara inayosimamia fedha za benki yenyewe na hatari ya riba zake. MBA yenye mchepuo wa fedha hukupitisha kwanza katika mikakati, masoko, rasilimali watu na uendeshaji, kisha ikakupa masomo machache ya fedha. Ni shahada nzuri kwa anayetaka kuwa meneja wa tawi, kwa sababu huyo anasimamia watu, wateja na malengo ya mauzo. Idara ya hazina ina maswali mengine kabisa.

Chukua mfano huu. Benki ina mikopo na hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni) za shilingi milioni 400 ambazo riba yake itabadilika ndani ya miezi 3, na amana za shilingi milioni 600 ambazo nazo zitapangiwa riba upya katika muda huohuo. Riba za soko zikipanda kwa asilimia 2 na kubaki hapo mwaka mzima, gharama ya amana itaongezeka kwa milioni 12 na mapato ya mikopo kwa milioni 8 tu. Benki imepoteza milioni 4 bila mteja hata mmoja kukosa kulipa. Kuliona pengo hilo mapema, kulipima na kulipunguza ndiyo kazi ya hazina ya kila siku, na somo lenyewe ni usimamizi wa mali na madeni ya benki. Kozi isiyokuwa na somo hilo, au inayoligusa kwa wiki mbili tu, haitakufikisha unakokwenda.

Kwenye mikopo, hakikisha kozi inafundisha uchambuzi wa hesabu za kampuni, mtiririko wa fedha taslimu, na kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 9 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Kabla ya hapo benki ilitenga fedha za kufidia hasara baada ya dalili za hasara kuonekana. Sasa inatenga tangu siku ya kutoa mkopo. Mkopo wa shilingi milioni 5 wenye uwezekano wa asilimia 4 wa kushindikana ndani ya mwaka, na ambao ukishindikana benki itapoteza asilimia 45, unatengewa 5,000,000 × 0.04 × 0.45, yaani shilingi 90,000. Hatari ikiongezeka sana, na kwa kawaida kuchelewa siku 30 huchukuliwa kuwa dalili yake, hesabu inageuka: sasa inapigwa kwa uhai wote wa mkopo. Ukifika siku 90 unahesabiwa kuwa umeshindikana. Afisa wa mikopo anayeelewa hesabu hii hupanga ziara kwa mteja siku ya 20, hangoji siku ya 85.

Kwa hiyo usisome jina la shahada peke yake. Omba orodha ya masomo ya kila muhula, na uulize nani anayafundisha. Kisha angalia kama programu yenyewe imo katika orodha ya programu zilizoidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Chuo kuwa na hati kamili hakumaanishi kwamba kila kozi yake imeidhinishwa. Kama utasoma katika kampasi ya Mombasa ya chuo chenye makao Nairobi, uliza swali moja zaidi: je, masomo yote ya mchepuo wa fedha yatafundishwa hapa, au baadhi yatangoja wanafunzi watimie? Wengi huchelewa muhula mzima kwa sababu somo moja la hiari lilipata wanafunzi wanne. Jibu lipate kwa maandishi.

Nilipata daraja la pili la chini. Je, mlango umefungwa? – Msomaji, Majengo

Haujafungwa. Vyuo vingi hupokea daraja hilo likiambatana na uzoefu wa kazi inayohusiana, mara nyingi miaka miwili. Barua ya mwajiri lazima itaje cheo chako, tarehe ya kuanza, na kazi ulizofanya. Barua inayosema tu kwamba "alikuwa mfanyakazi wetu" hurudishwa. Aliyepata pasi anaweza kupitia stashahada ya uzamili, ambayo katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu iko ngazi ya 8, ngazi moja chini ya uzamili.

Nimemaliza CPA na ninafanya kazi katika kampuni ya kuhudumia mizigo. Uzamili utaniongezea nini? – Mhasibu, Changamwe

Ukitaka kubaki katika uhasibu na ukaguzi, uzamili hautakuongezea mengi kwa sasa. Uanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, na leseni ya kufanya kazi hiyo ndivyo vinavyokupa haki ya kutia sahihi ripoti ya ukaguzi, na hakuna shahada inayochukua nafasi hiyo. Ukitaka kuhamia uwekezaji au mikopo, tazama kwanza mitihani mingine ya KASNEB, bodi inayotahini CPA: CIFA kwa wachambuzi wa uwekezaji na CCP kwa wataalamu wa mikopo. Gharama yake ni nafuu na unalipa hatua kwa hatua.

Uzamili unakuwa wa lazima ukitaka kufundisha chuo kikuu au kuendelea hadi uzamivu, na una uzito unapogombea vyeo vya juu ambapo tangazo lenyewe linautaja. Ukiamua kusoma, peleka nakala za matokeo yako ya CPA uulize kama kuna masomo utakayosamehewa. Usijaribu kufanya mitihani ya KASNEB na muhula wa kwanza wa uzamili pamoja. Ratiba zitagongana, na utaanguka kwenye lile somo la takwimu ambalo halisubiri mtu.

Assalamu alaykum. Nahitaji shilingi 600,000 za karo. Wakopeshaji wawili wameniambia riba ni asilimia 16 kwa mwaka, miaka 3, lakini makato ya mwezi hayalingani. Nani anadanganya? – Mama wa watoto wawili, Kisauni

Wa alaykum salaam, dada. Huenda hakuna anayedanganya kwa maneno, ila hesabu zao ni mbili tofauti. Mmoja anatoza riba kwenye salio linalopungua. Makato yake ni kama shilingi 21,094 kwa mwezi, na kwa miezi 36 utakuwa umelipa takriban 759,400. Mwingine anatoza riba ya mkupuo: asilimia 16 ya 600,000 mara miaka 3, ambayo ni 288,000, kisha anagawa 888,000 kwa 36. Hapo makato ni 24,667 kwa mwezi. Tofauti ni karibu shilingi 128,600, pesa zinazoweza kulipa muhula mzima mahali pengi. Riba ya mkupuo ya asilimia 16 kwa miaka 3, ukiigeuza kuwa ya salio linalopungua, ni karibu asilimia 27.5.

Dai jedwali la marejesho la miezi yote kabla ya kutia sahihi, na uulize ada ya kushughulikia mkopo, bima, na adhabu ya kulipa mapema. Ukikopa katika sacco, uliza pia akiba yako itafungwa kwa muda gani na wadhamini wangapi wanahitajika. Kumbuka Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote yazidi theluthi mbili za mshahara. Kama hati yako ya mshahara tayari ina mkopo wa nyumba au wa gari, huenda nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko unavyodhani.

Ushauri wetu mkubwa kwako ni huu: usichukue zote 600,000 kwa pamoja. Karo hulipwa kwa muhula. Anayekopa yote siku ya kwanza hulipia riba pesa zilizokaa bure kwenye akaunti, na mara nyingi hazikai bure, hutumika kwa mambo mengine. Kopa ya mwaka wa kwanza, lipa sehemu, kisha uongeze. Peleka ombi pia HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kwa kuwa ina mikopo ya masomo ya uzamili na ya waliokwisha ajiriwa. Na katika bajeti weka yale ambayo hayaonekani kwenye tangazo la karo: ada ya usajili, ya mitihani, ya usimamizi wa tasnifu, ya kuchapisha na kujalidi, na ile inayoumiza kuliko zote, ada ya kila muhula wa ziada ukichelewa kumaliza.

Nataka kubobea katika benki za Kiislamu. Hapa pwani kuna wateja, lakini sijui pa kusomea. – Kijana wa Mvita

Umechagua vyema, kijana wetu. Benki mbili zinazofuata sharia kikamilifu zilianza kazi nchini mwaka 2008, na benki kadhaa za kawaida zina madirisha, yaani vitengo, vya Kiislamu. Upungufu uko kwa watu wanaojua pande zote mbili: fiqhi ya miamala na hesabu za benki. Wapo masheikh wasioweza kusoma mizania, na wapo wafanyakazi wa benki wasiojua kwa nini mkataba umebatilika.

Murabaha ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo inayoharibika zaidi. Benki inanunua bidhaa, inaimiliki na kuishika, kisha inamuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana. Mpangilio huo ndio uhai wake. Mteja akishalipa kwa muuzaji mwenyewe na kuleta risiti benki "irudishiwe", hakuna kilichouzwa. Huo ni mkopo wa fedha wenye nyongeza, na nyongeza hiyo ni riba. Vilevile afisa akitia sahihi mkataba wa kuuza saa nne na ule wa kununua saa sita, benki imeuza isichokimiliki. Bodi ya sharia ikigundua, faida hiyo huondolewa kwenye mapato na kupelekwa katika sadaka. Katika mudharaba, ambapo mmoja hutoa mtaji na mwingine huuendesha, nako watu hukosea kuhusu hasara: fedha zikipotea bila uzembe wa mwendeshaji, anayebeba hasara ni mwenye mtaji, naye mwendeshaji amepoteza jasho lake. Katika musharaka, yaani ubia ambao kila mmoja ametia mtaji, faida hugawanywa kwa makubaliano, lakini hasara hugawanywa kulingana na mtaji wa kila mmoja.

Njia iliyo rahisi kwa mtu wa Mombasa ni kufanya uzamili wa kawaida wa fedha, tasnifu yake ikawa juu ya benki za Kiislamu, na pembeni ukachukua vyeti vya AAOIFI, shirika lenye makao Bahrain linaloweka viwango vya sharia na vya uhasibu. Lina cheti cha wahasibu na cha washauri wa sharia. Ukiweza kusafiri, INCEIF ya Kuala Lumpur, iliyoanzishwa na benki kuu ya Malaysia, ni chuo kilichojengwa kwa ajili ya fani hii peke yake. Kiarabu cha kusoma maandishi kitakusaidia, ila takwimu zitakusaidia zaidi.

Nimemaliza masomo yote na mitihani. Tasnifu ndiyo imenigomea, na mwajiri wangu amekataa kunipa data za wateja. Nifanyeje? – Aliyekwama, Tudor

Ndugu, barua kama yako ndizo nyingi kuliko zote, kwa hiyo jibu hili litakuwa refu.

Mwajiri wako ana haki. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, benki haiwezi kumkabidhi mfanyakazi faili za wateja kwa sababu tu anasoma. Na hata ungezipata kwa mlango wa nyuma, kamati ya maadili isingekubali, na kazi yako ingekuwa hatarini. Tupa wazo la faili za wateja. Uko na njia mbili.

Ya kwanza ni data zilizo wazi. Benki Kuu ya Kenya hutoa kila mwaka ripoti ya usimamizi wa benki yenye mali, amana, mtaji na mikopo isiyolipwa. Benki nazo hulazimika kuchapisha hesabu zao kila robo mwaka. Benki zilizoorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi ni kama 11. Miaka 10 kwa benki 11 inakupa safu 110, na hizo zinatosha kwa vigeu (mambo unayoyapima) vinne au vitano. Anayechukua miaka 5, apate safu 55 na kuziwekea vigeu vinane, hupata matokeo yanayoyumba kila akiondoa benki moja.

Kuwa macho na mikato ndani ya data hizo. Benki za NIC na CBA ziliungana mwaka 2019 zikawa NCBA. Ukijumlisha bila kueleza, mali "zitaruka" mwaka huo na utadhani ni ukuaji. IFRS 9 ilibadilisha utengaji wa hasara mwaka 2018. Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 sheria ilifunga riba ya mikopo isizidi pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu, hivyo ilipoanza, riba ya msingi ikiwa 10.5, benki hazikuweza kuvuka 14.5. Mtafiti anayepuuza kipindi hicho atalaumu au kusifu uongozi wa benki kwa jambo lililofanywa na Bunge. Weka kigeu cha kipindi, 1 ndani ya kufungwa kwa riba na 0 nje yake.

Njia ya pili ni hojaji kwa wafanyakazi au wafanyabiashara. Ukiwa na watu 400 na ukakubali kosa la asilimia 5, kanuni ya Yamane ya ukubwa wa sampuli inakupa 400 ÷ (1 + 400 × 0.0025), yaani 200. Lakini hojaji hazirudi zote. Ukitarajia asilimia 70 zirudi, sambaza 286. Zijaribu kwanza kwa watu 20 walio nje ya sampuli. Maswali yakipata alfa ya Cronbach, kipimo cha kama majibu yanakubaliana, chini ya 0.7, yaandike upya kabla ya kwenda uwanjani, maana baada ya hapo hakuna dawa.

Vibali vina mpangilio, na kuuvuruga ndiko kunakopoteza miezi. Pendekezo lako litetewe na kupitishwa. Shule ya uzamili ikupe barua. Kamati ya maadili iliyoidhinishwa ikupe kibali. Ndipo uombe mtandaoni leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ukiipata, unaripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, kisha unaandikia makao makuu ya taasisi unayoitafiti. Meneja wa tawi hana mamlaka ya kukuruhusu hata akiwa rafiki yako.

Kuhusu mada, tunakusihi uachane na "athari za jambo fulani kwa faida za benki za Kenya". Rafu za maktaba zimejaa hizo na wasimamizi wamezichoka. Angalia dirishani. Agizo la mwaka 2019 la kusafirisha mizigo ya kontena kwa reli ya SGR lilihamisha kazi za kuitoa mizigo kutoka Mombasa, na mwaka 2022 likabatilishwa. Mikopo ya malori na ya kampuni za kutoa mizigo za Changamwe na Miritini ilipita wapi katika miaka hiyo mitatu? Au hoteli za pwani: marejesho ya kila mwezi yanalingana vipi na biashara ambayo hushuka Aprili na Mei za masika? Hayo ni maswali ambayo benki yenyewe ingependa kusoma majibu yake, na mwajiri aliyekunyima faili huenda akakukubalia mahojiano.

Msimamizi mpelekee kurasa, usimpelekee mawazo. Kurasa 5 kila wiki mbili, pamoja na karatasi moja inayoonyesha alichosahihisha mara iliyopita na ulichobadilisha. Akikaa kimya wiki tatu, mwandikie kwa adabu na nakala kwa mratibu wa idara. Na wale wanaokupigia simu kukuuzia tasnifu iliyokamilika, wakatalie. Utasimama mbele ya wakaguzi na kuulizwa kwa nini jaribio la Hausman, la takwimu za kuchagua modeli, lilikuelekeza kwenye modeli ile na si hii, na hakuna wa kukujibia. Shahada pia inaweza kufutwa hata baada ya mahafali.

Mimi ni mwalimu wa historia, hesabu niliziacha kidato cha nne. Nitaweza? – Mwalimu, Bamburi

Mwalimu, jipime kabla ya kulipa. Hatifungani ya shilingi 100,000 inalipa asilimia 12 mara moja kwa mwaka kwa miaka 3, na soko sasa linataka asilimia 14. Bei yake leo ni ngapi? Jibu ni kama 95,357. Ukiweza kulifikia kwa kalamu na kikokotoo baada ya saa moja na kitabu, uko salama. Ukishindwa, jipe miezi mitatu ya thamani ya fedha kwa wakati, logi, wastani na mkengeuko, uwiano wa vigeu, na rejesho la mstari. Jifunze R, ambayo ni ya bure, kabla ya kununua programu yoyote ya takwimu.

Chuo cha ng'ambo kinatoa uzamili wa benki mtandaoni. Kitatambuliwa hapa? – Msomaji, Nyali

Anayetambua shahada za nje ni CUE. Waandikie kabla ya kulipa, ukitaja jina kamili la chuo, nchi, jina la programu na namna inavyofundishwa. Angalia pia kama chuo kimeidhinishwa na mamlaka ya elimu ya nchi yake. Wakala aliye Mombasa si ushahidi. Tunza barua ya udahili, risiti na nakala rasmi za matokeo ya kila muhula, kwa sababu zote zitadaiwa siku ya kuomba utambuzi. Kama chuo kinaahidi uzamili kwa miezi 4 bila mtihani wala tasnifu, usikitumie hata shilingi moja.